Kuhesabu Saba

Wazo la kuhesabu saba lilikuwa langu. Naliweka hilo wazi mapema, kwa sababu siku za furaha kila mtu kwenye kikundi alidai alikuwepo lilipozaliwa, ila likitajwa jambo la binti tuliyemwita Spika wote wanatazama viatu vyao. Nililiwaza mimi, nikaliandika kwa mkono wangu, na siku ya kura ya kulipitisha niliunyoosha mkono huohuo.

Lilianzia kwenye msiba wa babu yangu. Tulikuwa vijana kumi na wawili hivi, wajukuu na watoto wa majirani, tumekaa kwenye mkeka mmoja, na mzee fulani aliyetoka mbali akatuuliza marehemu alikuwa mtoto wa nani. Tuliangaliana. Binamu yangu mmoja akabahatisha, akataja jina la mkwe wa shangazi, mtu aliye hai na aliyekuwa amekaa pale pale anakunywa chai. Wazee wakacheka mpaka wakakumbuka wako msibani. Mimi kuchekwa siwezi. Nilirudi nyumbani nimevimba, na wiki mbili baadaye nilikuwa nimeshawakusanya wenzangu.

Nashona sare za shule kwenye karakana yenye vyerehani kumi na vinane. Jumamosi kazi inaisha saa saba mchana, na bosi wetu, mwanamke mkali lakini mwenye huruma za kificho, alikubali tutumie chumba cha kukatia. Kina meza moja ndefu, ubao wa kupigia pasi, na majora ya kitambaa cha bluu na kijivu yamepangwa ukutani. Tulikalia majora hayo. Masharti ya bosi yalikuwa mawili: mtu asile humo ndani, na mtu asiguse mkasi mkubwa.

Kikundi hakikuwa na mtu mzima hata mmoja, na hilo ndilo lililotufanya tujione watu. Mkubwa wetu, mwenyekiti, alikuwa na miaka ishirini na minne. Tulimwita Katiba kwa sababu hata ukimwomba akupishe mlangoni atakwambia kwanza kifungu gani kinakuruhusu. Kila mmoja wetu alikuwa mlezi wa mdogo mmoja, wa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Unamfundisha kusimama mbele ya watu bila kutetemeka, kuendesha kikao, kuandika barua ya ofisi, kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kujibu. Tena unamsaidia kuwatafuta watu wake. Mwisho wa mwaka mdogo anasimama mbele ya wazazi wote na kuhesabu saba: anaanza na yeye mwenyewe, baba yake, babu yake, anapanda hivyo hivyo mpaka wa saba, na kwa kila mmoja anataja jambo moja alilolifanya duniani. Akimaliza, anakuwa mlezi na yeye anapewa mdogo wake.

Mwaka wa kwanza kijana mmoja alihesabu saba bila kumeza mate, tukampigia makofi mpaka viganja vikawaka. Kumbe nusu ya mababu zake walikuwa wachezaji wa timu anayoishabikia, na yule wa sita alikuwa golikipa. Katiba aliumwa kichwa wiki nzima. Tangu hapo tukaongeza sharti la shahidi: lazima awepo mtu mzima wa ukoo huohuo, akae mstari wa mbele, athibitishe. Bila shahidi, huhesabu. Sharti hilo nalo nililiunga mkono, tena kwa mbwembwe.

Mdogo wangu mimi alikuwa Spika. Jina tulimpa wiki ya kwanza tu, maana alikuwa na sauti ya kumwamsha mtu nyumba ya tatu, na wala hakuona haya nayo. Miaka kumi na mitano, miguu mirefu, magoti yenye makovu. Kabla hata sijamfundisha chochote alikuwa ameshaongoza darasa lake zima mpaka ofisi ya mwalimu mkuu kudai bomba la maji litengenezwe, na bomba likatengenezwa. Nilichomfundisha mimi ni kupunguza kelele na kupanga maneno. Alishika haraka mpaka nikaona wivu kidogo. Nilijua, kama ninavyojua sindano namba kumi na nne kwa kuigusa, kwamba baada ya Katiba mwenyekiti angekuwa yeye.

Mama yake nilikuwa nafanya naye kazi chumba kimoja. Alikaa cherehani cha dirishani, kazi yake matundu na vifungo, ndiyo maana karakana nzima ilimwita Mama Vifungo. Alikuwa mpole, mtu wa kukaa kimya kutwa. Ukimtania anatabasamu, anakata uzi kwa meno, anaendelea. Mtoto alikuwa huyo mmoja tu, na kila mtu aliona anavyomtazama binti yake akipita pale dirishani kwenda shule, macho yakimfuata mpaka kona.

Tatizo la Spika lilikuwa mtu wa pili kwenye hesabu. Alijua jina la kwanza la baba yake, na kwamba alikufa kabla yeye hajazaliwa, basi.

"Mwache ahesabu kwangu," Mama Vifungo aliniambia siku nilipomfuata. Hakuinua macho. "Baba yangu namjua, babu yangu namjua. Mama yangu ndiyo usiseme, alikuwa mkunga, amezalisha nusu ya watu wa kule. Si watu hao?"

"Ni watu, Mama. Ila sharti linasema upande wa baba."

"Sharti mmeliandika nyinyi?"

"Ndiyo."

"Basi mlifute nyinyi."

Nilicheka. Nilidhani ananitania, Mungu anisamehe. Nilipeleka suala lake kwenye kikao, nikalisema kwa nusu moyo, na Katiba akasema tukifungua mlango huo kwa mmoja tutaufungua kwa wote. Mimi, badala ya kubishana, nikasema sawa, nitamtafutia. Kwa sababu nilikuwa nimeshajitungia hadithi kichwani. Niliona mwanamke aliyefiwa na mume, ukweni wakamkataa na mimba yake, akabaki na aibu miaka yote. Nikajiona mimi ndiye nitakayekuja kumfuta machozi. Nikiingia kwenye jambo mimi sitoki, haya ni maradhi yangu tangu utoto.

Kulikuwa na neno moja Spika aliwahi kulipata kwa mama yake: kwamba kina baba yake walikuwa wachimba visima. Neno hilo lilinitosha. Wachimba visima hununua kamba na ndoo za chuma, kwa hiyo nilianza kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, Jumapili moja baada ya nyingine, nikilitaja lile jina. Duka la nne, lililokuwa mji wa jirani, muuzaji akaniambia, "Hao? Ukoo mzima uko mwisho wa barabara ya mawe. Geti la kijani. Huwezi kupotea."

Nilipokelewa vizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, nilipokelewa vizuri sana. Uwanja ulikuwa umefagiwa, nyumba nne zinatazamana, kisima cha zege katikati. Mzee wa nyumba, kaka mkubwa, ambaye wote pale walimwita Baba Mkubwa, aliniwekea kiti, akanisikiliza habari za kikundi mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema vijana kama sisi hawapo tena. Kisha akafumba macho na kuanza kuhesabu, na hakuishia saba, alifika tisa. Kila mmoja na alichofanya: aliyechimba kisima cha kwanza kwenye mwamba, aliyeshuka kumwokoa mwenzake hewa ilipokwisha, aliyekataa kumuuzia maji mgeni kwa sababu maji hayauzwi. Niliandika huku machozi yananidondokea kwenye daftari. Nilimwona Spika amesimama, anayasema hayo kwa sauti yake ile.

"Na huyo binti ana miaka mingapi?" Baba Mkubwa akauliza.

"Kumi na mitano, baba."

"Amezaliwa mwezi gani?"

Nikamwambia. Akahesabu kwenye vidole, taratibu, akarudia mara ya pili.

"Na mama yake yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia. Karakana gani, mtaa gani, cherehani cha dirishani. Nilimwambia kila kitu kwa mdomo wangu mpana, nikamalizia kwa kumwalika aje kuwa shahidi. Nikaomba iwe siri, kwamba iwe furaha ya ghafla kwa mama na mwana. Akasema, "Itakuwa siri," na akanisindikiza mpaka getini.

Spika alikariri wale saba kwa siku nne. Nilimwambia mashahidi watakuja, akanikumbatia mpaka akaning'oa chini. Tulikubaliana asimwambie mama yake. Sasa nikifikiria, ni mlezi gani anayemfundisha mtoto kumficha mama yake jambo, lakini wakati ule nilijiona mjanja.

Siku yenyewe tulipanga viti vya kuazima kwenye chumba cha kukatia, tukatandika kitambaa cheupe mezani. Wazazi wakaingia. Kisha wakaingia wanaume sita wa ule ukoo, wamevaa vizuri, wakakaa mstari wa mbele. Wawili waliotangulia walishahesabu, Spika akaitwa, akasimama na gauni lake la bluu ambalo mama yake alilimaliza kulishona asubuhi ile. Hapo ndipo Mama Vifungo alipoingia kutoka kunawa uso. Aliona migongo tu. Migongo sita, na akaijua.

Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanivuta mpaka nyuma ya majora. Sikujua mtu mpole kama yule ana nguvu kiasi kile.

"Nani amewaita?"

Nikamwambia ni mimi.

Alizungumza upesi, kwa kunong'ona, na mimi nilikuwa naisikia sauti ya Spika upande wa pili ikijitaja jina. Mume hakufa. Yeye alikuwa ameolewa pale na kuzaa mtoto wa kiume. Mama yake yule mkunga alipofariki, aliomba ruhusa ya kwenda kuzika, wakamnyima, akaenda. Aliporudi geti lilikuwa limefungwa na mtoto wa miaka miwili yuko ndani. Walimwambia aliyeondoka bila ruhusa ameondoka, na mtoto ni wa ukoo. Alikaa nje ya geti siku kumi na moja. Siku ya kumi na moja akajua ana mimba, na hawajui, na wakijua watamngoja azae wachukue na huyo. Akaondoka. Alihama miji mitatu.

"Mzuie," akaniambia. "Mlezi si wewe? Mzuie."

Nilitoka nyuma ya majora. Naapa nilitoka. Spika alikuwa amefika wa nne, mikono imetulia, kidevu juu, kama nilivyomfundisha, na chumba kizima kimya kinamsikiliza yeye. Alinitupia jicho, akatabasamu. Nilikuwa nimsimamishe vipi? Niseme nini, mbele ya watu sitini na wale sita? Akamtaja wa tano, akamtaja wa sita. Kila jina Baba Mkubwa aliitikia, "Ndivyo," na wenzake wakaitikia, "Ndivyo." Alipomtaja wa saba, yule aliyekataa kuuza maji, mzee akasimama, akainua fimbo.

"Nashuhudia," akasema. "Huyu ni damu yetu. Alikuwa amepotea, na vijana hawa wameturudishia."

Chumba kilipasuka kwa makofi. Wamama walipiga vigelegele. Katiba alikuwa analia waziwazi, anafuta macho kwa karatasi ya ratiba. Mimi nilijikuta na mimi napiga makofi, mikono inakwenda yenyewe, na nyuma ya majora hakukuwa na sauti yoyote.

Wangemchukua kwa nguvu labda tungepata la kusema. Hawakutumia nguvu. Walikuja kesho yake na zawadi, viatu na begi jipya la shule, wakamwambia Spika baba yake yuko hai na ana kaka wa miaka kumi na minane. Waliomba aende likizo tu, mwezi mmoja, akawaone watu wake. Mama Vifungo alikataa. Spika akamgeukia mama yake, mbele yangu, kwenye chumba chao kile kimoja chenye kitanda na meza.

"Umeniambia amekufa. Miaka yote umeniambia amekufa."

"Mwanangu, nisikilize."

"Kaka yangu pia ulimficha. Mtu asiyejua kwao ataongoza nani? Eti, Dada? Si ndivyo unavyosema?"

Akaniangalia akingoja niitikie. Maneno yalikuwa yangu, neno kwa neno, niliyasema kila Jumamosi. Nilimwambia amsikilize mama yake kwanza. Nilisema kwa sauti ndogo, na Spika hakuwa amezoea kunisikia na sauti ndogo, akadhani nimeogopa wageni.

Tulikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, mimi na Mama Vifungo, tukakaa kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka saa sita. Afisa alikuwa mtu mstaarabu, ana feni ndogo mezani inayopepeza karatasi. Wale walishafika kabla yetu. Baba mwenyewe alikuwepo, mwanaume mnyamavu, hakumtazama mkewe hata mara moja. Alikuwa na cheti cha ndoa. Alikuwa pia na daftari langu, wale mababu niliowaandika, kwa sababu Spika aliwapa walipomwomba kulisoma.

"Mama," afisa akasema, "watoto wangapi wanakuja hapa wakililia baba? Wako ana baba, ana ukoo, amethibitishwa mbele ya watu sitini, na mwenyewe anataka kwenda. Mimi nikatae kwa sababu gani?"

Mama Vifungo alisema, "Mmoja walinichukulia."

"Hilo lilikuwa miaka mingi iliyopita, na halikuripotiwa. Tuzungumze la leo."

Spika aliondoka Jumatatu na begi lake jipya. Alimkumbatia mama yake vizuri, hasira zilikuwa zimepungua, akamwambia mwezi mmoja si mbali. Akaniambia akirudi atakuwa na mambo mengi ya kutueleza.

Mwezi uliisha. Shule zikafunguliwa. Karakana ilikuwa imezidiwa na sare, tunashona mpaka vidole vinauma, na kila gauni lililopita mikononi mwangu nililipima kwa macho nikiona kama lingemtosha. Simu ya Spika ilikuwa haipatikani. Mama Vifungo alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa watu wako shambani. Mara ya pili hawakumfungulia. Akarudi, akakaa kwenye cherehani chake. Hakunitukana. Aliacha tu kusema na mimi. Kama kuna kitu anakitaka upande wangu anainuka, anazunguka meza nzima, anakichukua mwenyewe. Wiki ya tano sasa, na ningemshukuru kama angenipiga hata kibao kimoja.

Kikundi kilikaa kikao. Niliomba twende wote, vijana ishirini na wanne, tukasimame getini. Katiba, masikini, uso ulikuwa umemsawajika. Akasema wale ni wazazi, na sisi kazi yetu ni kuwarudisha watoto kwenye asili zao, tutasimamaje kumtoa mtoto huko? Hakuna kifungu. Mtu mmoja akapendekeza barua. Tukaandika barua, nzuri sana, yenye aya tano na mihuri miwili. Haikujibiwa. Mlezi mmoja akauliza kama tuendelee na kuhesabu saba mwaka huu, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze hakuna aliyenyoosha mkono kuchangia.

Jumatano nikaomba ruhusa kwa bosi, nikaenda peke yangu.

Geti lilifunguliwa na kijana mrefu, mwembamba, mwenye udongo mkavu kwenye mikono mpaka viwikoni. Nilimtambua kwa macho yake, yalikuwa macho ya dirishani. "Karibu, dada," akasema kwa adabu. "Ngoja nimuulize Baba Mkubwa."

Nikaletewa kiti kilekile. Baba Mkubwa akakaa hatua tatu kutoka kwangu na kikombe chake, akaagiza Spika aitwe. Alikuja amebeba ndoo, akaitua, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, dada."

Hajawahi kuniamkia hivyo. Sisi tulikuwa tunasalimiana kwa kupiga viganja. Alikuwa na lile gauni la bluu, na alikuwa ameongezeka urefu, mikono ya gauni imepanda. Nilimuuliza habari za shule. Akamtazama Baba Mkubwa kwanza.

"Baba Mkubwa amesema nitaanza mwakani. Sasa hivi kuna kazi za kisima."

"Unajisikiaje?"

"Mzima."

Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Ilibidi niiname ili nimsikie. Nikajikaza, nikamuuliza lile nililolifuata, mbele ya mzee yule yule. "Unataka kurudi nyumbani?"

Spika alishika mpini wa ndoo.

"Arudi wapi, binti?" Baba Mkubwa akasema. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayemsaidia mtoto hesabu. "Si wewe uliyekaa hapa ukaniambia mtu lazima ajue kwao? Kwao ni hapa. Umefanya kazi njema, sisi hatukusahau. Kunywa maji."

Yakaletwa maji, nikayanywa. Mwaka mzima nilikuwa nikimfundisha Spika kujibu watu kama yule, na mimi mwenyewe nilikaa pale nashika gilasi kwa mikono miwili.

"Mwambie mama nimezoea," Spika akasema. Akachukua ndoo, akaondoka bila kugeuka, na mimi niliutazama mgongo wake mpaka ukaingia kwenye nyumba ya tatu.

Yule kijana alinisindikiza. Njiani neno lilinifika kooni: mama yako hakukuacha, alifungiwa geti hili, alikaa hapa nje siku kumi na moja. Lilikuwa fupi, lingetoka kwa pumzi moja. Lakini niliwaza, nikimwambia yeye, nani atalipa? Mara ya mwisho nilipofungua mdomo kwenye uwanja ule, nilimpoteza mtoto wa mtu. Nikanyamaza, na sijui mpaka leo kama nilifanya sawa.

"Wewe ni ndugu yake?" akaniuliza getini.

"Ni mlezi wake."

"Aa," akasema. Akafunga geti taratibu, asilipigize.

Nilifika karakana saa tisa. Vyerehani vilikuwa vinanguruma vyote. Nilikwenda moja kwa moja dirishani, nikasimama, na Mama Vifungo akaendelea kutoboa tundu, akalimaliza, akakata uzi. Kisha akaondoa mguu kwenye pedali.

"Amevaa nini?" Hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu kwa wiki tano.

"Lile la bluu."

"Linamtosha?"

"Limembana mabegani. Na mikono imekuwa mifupi."

"Imefika wapi?"

Nikamwonyesha kwenye mkono wangu mwenyewe, vidole vitatu juu ya kifundo. Akatoa utepe wa kupimia shingoni, akaushika begani kwangu, akaushusha mpaka pale kidole changu kilipokuwa, akaendelea nao mpaka kifundo cha mkono. Akaandika namba kwenye karatasi ya vifungo. Akanigeuza, akanipima mabega, akauliza kama Spika amenipita, nikasema amenipita kwa inchi mbili, labda tatu. Akaandika tatu. Sikumuuliza gauni hilo litapelekwa na nani, wala geti gani litafunguliwa.

Alikunja karatasi. Nilidhani amemaliza.

"Na mwingine," akasema, anatazama nje. "Ulimwona?"

"Nilimwona. Ndiye aliyenifungulia."

Mkono wake ulikuwa bado na ule utepe. Aliutazama kama hajui aanzie wapi, kwa sababu mtoto aliyemwacha alikuwa anamfika gotini.

"Nionyeshe," akasema.

Nikasimama wima, nikainua mkono juu ya kichwa changu, nikaunyoosha zaidi, mpaka nikasimama kwa vidole vya miguu, kiganja kikatazama chini. Mama Vifungo aliinuka kwenye kiti. Aliutazama mkono wangu, akashuka kwa macho taratibu mpaka sakafuni, akapanda tena, akiangalia pale ambapo hapakuwa na mtu.

Bega likaanza kuniuma.

"Usishushe," akasema. "Usishushe kwanza."